Miezi 18 ya Mwalimu: tulikaza mkanda au tulikazwa?

Kijana wa Area C: Jana kikaoni kwenye tawi letu mjumbe kasema posho za semina zikatwe, chama hakina hela. Mwingine kamrukia: "Chama hiki kimepigana vita ya Kagera, leo unatuletea hesabu za duka!" Nusura wakunjane mashati. Naomba waliokuwepo: baada ya vita Mwalimu aliomba watu wafunge mikanda miezi 18, waziri wake wa fedha Edwin Mtei akataka tuelewane na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Nani alikuwa sahihi?

Mzee wa Kizota: Mwalimu. Nduli Idi Amin kavamia Oktoba 1978, daraja la Kyaka kalilipua, wewe unataka tukae na kikokotoo? Mkanda nimekaza mimi. Foleni ya sabuni tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa imebaki ya viongozi. Ugali wa yanga, yale mahindi ya njano, nimekula, sikununa.

Binti Kongwa: Shikamoo mzee. Ila tusimtwishe Nduli mizigo yote. Kahawa ilipanda bei 1976 na 1977, tukanona, tukafungulia bidhaa za nje, na fedha za kigeni zilikuwa zinayeyuka kabla Amin hajavuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilishavunjika 1977. Vita na bei ya mafuta vimekuta mfuko umetoboka. Halafu hiyo miezi 18 mbona ilifika 1986, Mzee Mwinyi alipoelewana na IMF hao hao?

Mtani wa Tabora: Dada kaandika kama mkaguzi. Mimi nina dogo tu: watu wa Dodoma mlikaza mkanda upi? Vita mmeisikia redioni huku mnapiga wanzuki.

Mzee wa Kizota: Wewe mtani koma kabisa! Baba yangu kule Bahi alichangia vita fahali mweupe, ndiye pekee wa kukokota plau. Mgambo wa kijijini kwetu walipanda lori mchana kweupe, mama zao wakilifuata kwa miguu. Mmoja alirudi na mguu mmoja. Hiyo ndiyo wanzuki?

Mtani wa Tabora: Fahali mmoja, mzee! Huyo ni wa kitoweo cha harusi.

Kijana wa Area C: Jamani, niliuliza habari za Mtei.

Mzee wa Kizota: Mtei aliyekuja kuanzisha Chadema? Basi jibu umeshalipata.

Binti Kongwa: Kajiuzulu uwaziri 1979, Chadema ni 1992. Miaka 13 hapo katikati, mzee wangu! Na ndiye gavana wa kwanza wa Benki Kuu, hesabu alikuwa haokotezi.

Mzee wa Kizota: Mwalimu aliuliza tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Mjibuni kwanza.

Binti Kongwa: Nilichosema cha kahawa hujakigusa.

Mzee wa Kizota: Nitakigusa. Huyu afute wanzuki kwanza.

Mtani wa Tabora: Nafuta, nakuachia togwa. Fahali mlipewa hata karatasi?

Mzee wa Kizota: Stakabadhi ipo sandukuni. "Ng'ombe 1, dume, jeupe." Panya wamekula pembe, sahihi ya katibu inasomeka.

Mtani wa Tabora: Ipeleke Hazina, si ndio mmehamia nao huko Dodoma? Ukilipwa nitumie mguu wa nyuma.

Kijana wa Area C: Mwenzenu kikao kinaendelea Jumamosi. Zile posho niseme zikatwe au?