Saa ya marehemu babu imeandikwa WATERPROOF, nimetawadha nayo ikaingia ukungu. Msaada wakuu

Mdigo_wa_Chumbageni
Salaam wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Babu mzaa mama alikuwa baharia. Miaka ya sabini na themanini alikuwa akienda na kurudi Dubai na Muscat. Alipofariki, Mungu amrehemu, mimi niliangukiwa na saa yake ambayo wajomba hawakuitaka kwa kuwa "haina hata betri". Ni Seiko 5 ya chuma, uso wa buluu, siku zinajiandika kwa Kiingereza na Kiarabu. Ukiivaa inatembea, ukiiacha kabatini siku mbili inalala.

Nyuma imechorwa WATERPROOF, na mimi nikaamini. Ijumaa nimetawadha nayo mkononi, kurudi nyumbani nakuta ukungu ndani ya kioo, upande wa chini, kama dirisha la daladala siku ya mvua. Jioni ukapungua, alfajiri ukarudi.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini. Bila hata kuifungua akasema ni feki ya India, halafu papo hapo akatoa elfu sitini aichukue. Hapo ndipo nikashtuka. Feki gani inayogombewa hivyo?

Naomba kujua kama ni ya halali, ni ya mwaka gani, na kama naweza kuogelea nayo ikishapona. Maandishi ya nyuma ni SEIKO, WATERPROOF, ST. STEEL, 6119-8083, JAPAN, na namba inayoanza na 9N (zilizobaki nimezificha). Hiyo N katikati ya namba ndiyo inayonitia wasiwasi.

Pweza_Mkavu
Iweke kwenye mchele siku mbili mkuu. Simu yangu ilipona hivyo.

Fundi_Mstaafu_Mwanza
Mchele pikeni mle. Unyevu uko ndani ya chuma na mchele uko nje, utafyonza nini? Na juani usiianike, maana mvuke utapanda kwenye kioo ukipoa utashukia kwenye mashine.

Mleta uzi, ivue leo hii. Tafuta fundi mwingine, si yule wa elfu sitini, afungue mfuniko wa nyuma aiache wazi mahali pakavu chini ya bilauri iliyopinduliwa, vumbi lisiingie. Kutu huanzia kwenye kijiti cha kile kitufe cha kurekebishia na kwenye skrubu ndogondogo, ikishafika hapo gharama inapanda. Maji ya bomba yana nafuu. Yangekuwa ya bahari ningekwambia ukimbie usiku huuhuu.

Saa_Kumi_Kamili
Hiyo N isikutishe, ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Kwa Seiko za enzi hizo, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na inayofuata ni mwezi. Januari hadi Septemba ni 1 hadi 9, Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Kwa hiyo mfuniko wako umetoka Novemba ya mwaka unaoishia na 9.

Swali ni 9 ipi, ya 1969 au ya 1979? Hapo angalia mambo mawili. Tarakimu nne za mwanzo, 6119, ni jina la mashine, na mashine hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya sitini kwenda katikati ya sabini. Hizo 8083 ni aina ya bodi. La pili ni hilo neno WATERPROOF lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya sitini Tume ya Biashara ya Marekani ililibana neno hilo kwenye saa, kwa kuwa hakuna saa isiyoingiza maji daima dawamu, na kufikia mwanzoni mwa sabini Seiko walikuwa wanaandika WATER RESIST. Ingekuwa ya 1979 usingelikuta. Basi ni Novemba 1969. Neno lililokuponza ndilo linalokupa umri wa saa.

Mdigo_wa_Chumbageni
Aisee, umenipa raha. Kwa hiyo ni orijino?

Saa_Kumi_Kamili
Sijasema hivyo. Nimesoma mfuniko tu, na mfuniko huhama. Chukua lenzi, tazama ukingoni kabisa mwa uso, chini ya namba 6. Kuna maandishi madogo kuliko miguu ya sisimizi. Yaandike hapa. Kama yanaanza na 6119, mfuniko na uso ni ndugu.

Mtoto_wa_Kibokoni
Wakati tunasubiri, kisa kidogo. Mwaka 1926 Rolex walitoa saa waliyoiita Oyster, yaani chaza, kwa jinsi inavyojifunga. Mwaka uliofuata Mwingereza Mercedes Gleitze aliogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, lakini watu wakamtilia shaka, ikabidi arudie mwezi huohuo wa Oktoba. Safari hiyo alikuwa na Oyster imening'inia shingoni. Baridi ilimshinda, akatolewa baada ya saa zaidi ya kumi bila kumaliza, ila saa ilikuwa bado inatembea. Novemba 24, Rolex wakajaza ukurasa wa kwanza wa Daily Mail kwa tangazo. Hadi leo watu wanakumbuka saa kuliko mwogeleaji.

Fundi_Mstaafu_Mwanza
Kisa kizuri, ila ile saa ilikuwa mpya, mpira wake laini. Mleta uzi ana mpira wa miaka hamsini na kitu.

Kinachozuia maji si chuma, ni mpira. Kuna pete ya mpira chini ya mfuniko, nyingine ndani ya kitufe, halafu kioo chenyewe kimegandamizwa. Mpira hukauka hata saa ikiwa kabatini. Ukikuta saa ya zamani ya mtu inayojigamba mita 30 au 50, hesabu ni sifuri mpaka ipate mipira mipya na ipimwe kwenye mashine ya mgandamizo. Na hata ikipimwa, mimi saa ya 1969 siogelei nayo. Kuna saa mpya za bei ndogo kwa kazi hiyo.

Binti_Makunduchi
Samahani kwa kuingilia. Marehemu baba aliacha saa ya Uswisi, mishale ina rangi ya udongo inayodondoka kama unga. Zamani iling'aa gizani, sasa haing'ai. Naweza kuikwangua nipake mpya?

Fundi_Mstaafu_Mwanza
Usikwangue dada, tafadhali sana! Soma chini ya namba 6. Ukiona herufi T pembeni ya maneno SWISS MADE, hiyo ni tritiamu, kitu chenye mionzi kinachoifanya rangi ing'ae gizani, nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na ushee. Lakini kama haina T na ni ya kabla ya miaka ya sitini, inaweza kuwa radiamu, nayo ina mionzi, na radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kutong'aa hakumaanishi imekufa, kilichochoka ni ile rangi inayowaka. Unga wake ukivutwa puani ni hatari. Funga kwenye kimfuko, usiifungue mwenyewe, weka mbali na watoto.

Binti_Makunduchi
Haina T. Mungu wangu. Imetoka kabatini sasa hivi. Asante baba.

Mdigo_wa_Chumbageni
Wakuu nimerudi. Nimetumia lenzi ya kusomea ya mama. Chini kabisa inasomeka JAPAN, kisha 7009 na mengine yanayoingia ukingoni. Siyo 6119. Nimepigwa?

Saa_Kumi_Kamili
Bado. 7009 ni Seiko halali, ila ilikuja baadaye, kuanzia mwishoni mwa sabini. Mawili: ama ule uso umebandikwa juu ya mashine ya 6119, na hapo mara nyingi hukatwa miguu (vile vijiti vya nyuma vinavyoushika) na kugundishwa, ama mashine nzima imebadilishwa pamoja na uso wake. Zile za India zinazosemwa ni nyuso zilizopakwa upya rangi kali, maandishi yamekaa kama ya mkono na namba za chini hazipo. Yako si hiyo. Fundi akifungua, asome namba kwenye mashine.

Pweza_Mkavu
Kumbe saa nazo zina mtoto wa nje 😂

Mdigo_wa_Chumbageni
MREJESHO. Nimempata mzee mmoja huku, amefungua mbele yangu. Mpira wa mfuniko ulitoka vipande vipande kama tambi kavu. Mashine imeandikwa 7009A. Pembeni yake kuna kipande cha plastiki nyeupe kimechongwa kwa kisu, alama za kisu zinaonekana, kimewekwa ili isicheze ndani ya bodi. Kutu ni kidogo, kwenye kijiti tu. Ameiosha, ametia mafuta na mipira mipya, amenionya nisimlaumu nikitawadha nayo. Uso amekataa kuugusa, na kupiga polishi pia amekataa, anasema kona za bodi zikishalainika hazirudi.

Nilipomsimulia mama akacheka. Anasema saa ilipokuja mara ya kwanza ilikuwa na uso wa fedha. Kuna safari babu alirudi nayo ikiwa ya buluu, bibi akanuna wiki nzima akidai ile ya kwanza imeachwa kwa mwanamke Muscat. Babu akaapa kwamba ilizama chumvi, fundi wa huko akamwekea matumbo mapya.

Saa_Kumi_Kamili
Ndiyo maana siku ziko kwa Kiarabu! Hiyo mashine imeng'olewa kwenye saa iliyouzwa hukohuko. Babu yako alisema kweli.

Fundi_Mstaafu_Mwanza
Alisema kweli kuhusu mashine. Kuna picha yoyote ya babu akiwa ameivaa kabla ya hapo?

Mdigo_wa_Chumbageni
Ipo moja ya studio, nyeusi na nyeupe, amekunja mkono kifuani ili ionekane. Uso unameta kabisa. Nitaiomba kwa bibi, ila sijui nianzie wapi maana akijua ninachotafuta yataanza upya.