Maua madogo ya porini: f/2.8 ukungu, f/22 pia ukungu. Nakosea wapi?

Swali

Wakuu, habari zenu. Nina lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 inayofika 1:1, yaani ua linatua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, na kwa wiki tatu sasa nimeachana na "auto" kabisa: apecha (tundu la lenzi; namba ya f/ ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata (muda wa kupokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) na fokasi, vyote naweka kwa mkono. Napiga yale maua madogo ya manjano ya jamii ya alizeti, yanayoota kando ya njia na watu wakayakanyaga bila kuyaona. Ukiyasogelea, hilo unaloliita ua moja ni vijiua vingi vilivyobanana. Hivyo vijiua ndivyo ninavyovitaka.

Kwa f/2.8 napata ncha ya kijiua kimoja, kwingine kote ukungu. Nikienda f/22 kila kitu kipo ila hakuna kilichokaza, kama nimepiga kupitia kioo chenye mvuke. Shata nayo inashuka hadi 1/15, upepo ukipita kidogo nimekwisha. Picha zaidi ya 200, nimebakiza 3.

Jibu la 1

Mkuu, hapo kuna mambo mawili. Kwanza, kwenye 1:1 eneo linalotoka kali ni jembamba mno. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, f/8 inakupa kama milimita 1 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Pili, ukibana tundu sana, mwanga unatawanyika unapopita, na picha nzima inalegea. Ukiwa karibu hivyo unapoteza pia stopu 2 hivi za mwanga (kila stopu ni kupungua kwa nusu), kwa hiyo f/22 yako inafanya kazi kama f/44.

Mimi sitoki kati ya f/8 na f/11. Na usikimbilie 1:1. Rudi nyuma hadi 1:2 (nusu ya ukubwa halisi), kwa f/8 ile ile unapata karibu milimita 3. Kata pembeni baadaye. Kwa ua dogo, hizo milimita 2 za ziada ni nyingi sana.

Jibu la 2

Naongeza: acha kuzungusha ringi ya fokasi ukishaanza kupiga. Iweke kwenye ukubwa unaoutaka, kisha sogeza mwili mbele na nyuma polepole, viwiko juu ya magoti, upige picha tano au sita mfululizo. Uso wa ua uwe sambamba na sensa. Ukiinamisha kamera hata kidogo, ile milimita yako inakata ua kimshazari na unabaki na mstari mmoja tu. Na tafadhali, usilale juu ya maua mengine kwa ajili ya moja.

Jibu la 3

Tumia flashi: 1/200, f/11, ISO 200, na karatasi nyeupe mbele yake ili mwanga uwe laini. Ukiiweka nguvu ndogo, mmweko wake ni mfupi kuliko 1/1000, kwa hiyo ndio unaogandisha ua, hata upepo ukiwepo. Angalia pia histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kamera) ya rangi zote tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kwa ua la manjano, nyekundu huungua mapema (grafu yake inagonga ukuta wa kulia na mistari midogo inapotea), na petali zinatoka kama plastiki huku histogramu ya jumla ikionekana salama.

Muulizaji

Asanteni sana. Flashi sina, ikabidi niamke kabla jua halijapanda, upepo ukiwa bado umelala. 1:2, f/11, 1/125, ISO 1600, nikalisogelea ua kwa mwili kama alivyosema mkuu wa pili. Katika 40 nimepata 9. Ile ya histogramu imenigusa: nyekundu ilikuwa imegonga ukutani, nikapandisha shata hadi 1/200 na mistari ya petali ikarudi. Kwenye moja kuna tone la umande, na ndani yake ua la nyuma linaonekana limepinduka juu chini. Sasa nalitaka hilo tone lenyewe. Fokasi niiweke kwenye ukingo wa tone, au kwenye ile taswira iliyomo ndani?

Jibu la 2

Kwenye taswira, mkuu. Haiko usawa mmoja na ukingo. Anza na ukingo, kisha sogea taratibu mpaka lile ua la ndani likaze.