Dim sum Jumapili na mamangu hali kitu asichokijua, nisaidieni

BintiMuyeye
Assalam aleikum jamani. Shemeji yetu, mume wa dada, huwa anaenda Guangzhou, China, kuchukua mzigo, sasa safari hii kaja na mpya, ati Jumapili familia nzima tutoke Malindi twende Mombasa kwa hoteli ya Wachina tukale dim sum, yeye analipa. Watoto washaanza kuringia wenzao madrasa ila mamangu ndo shughuli. Muitaliano hapa kashamzoea, pizza anakula na aiskrimu anadai mwenyewe, lakini ukimtajia Mchina swali ni moja tu, nyama gani? Na mie sina jibu, maana shemeji akielezea ni "vitu vidogo vidogo vya mvuke" basi, kamaliza. Ndani mna nini? Watu tisa tunaagizaje? Na mbona chakula cha mchana anataka tufike saa tano? Bei nayo, nisije nikamtia mtu wa watu hasara.

MzigoUmefika
Waaleikum salam. Shemejio kawapenda, huo ndo mtindo wa Wakantoni, wenyeji wa Guangzhou, wikendi, babu na bibi, wazazi, wajukuu, meza moja ya duara na birika la chai wanakaa masaa wanapiga soga. Msiagize sahani ya kila mtu, kinachowekwa mezani hakina mwenyewe. Bei ni kwa kikapu, vile vya mwanzi vya duara, ndani vipande vitatu au vinne, na chai mara nyingi inahesabiwa kwa kichwa. Nyie tisa kila aina chukueni vikapu vitatu la sivyo watoto watapigana, halafu agizeni kidogo kidogo kwa sababu ikipoa ule unga unakuwa mpira. Saa tano ni kwamba asili yake ni chakula cha asubuhi mpaka adhuhuri, ukichelewa vile vizuri vishaisha.
Chai haina maziwa wala sukari, mama aambiwe mapema. Mdogo ndo anamimina, wakubwa kwanza yeye mwisho, na ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole ndo ahsante yao. Birika likiisha wekeni kifuniko upande, mhudumu akiona ataleta maji.
Ila kitu kimoja, msiseme "shemeji anakula China kwa hivyo ni sawa". Guangzhou sisi wafanyabiashara tunakaa mtaa wa Xiaobei, na hoteli za halali pale nyingi ni za Waislamu wa kaskazini magharibi, hao mambo yao ni tambi za kuvuta na nyama ya kondoo. Dim sum ni jiko jingine kabisa.

JikoLaWatamu
Hapo ndo penyewe. Naongea kama mpishi. Siu mai, kile kifurushi cha unga kilicho wazi juu, kiasili ni nguruwe na kamba pamoja. Mkate mweupe wa mvuke wenye nyama nyekundu ndani, char siu bao, nguruwe. Keki ya figili utaiona kama haina neno kumbe mna soseji ya nguruwe imekatwa vidogo dogo, na wali wa kunata uliofungwa kwa jani la yungiyungi jina lake kuku lakini soseji ile ile mara nyingi imo. Sasa kuna har gow, kifurushi kilichofungwa cha kamba, unga wake wanga wa ngano unakandwa kwa maji yanayochemka ikiiva unamuona kamba kwa ndani, nzuri sana wallahi, lakini wapishi wengi wanatia na kipande cha mafuta ya nguruwe ili iwe laini. Kwa hivyo ukiambiwa "ni ya kamba hii" usitulie. Piga simu kabla, uliza mafuta gani, uliza kama nyama inatiwa divai ya mchele, uliza na vikapu, maana hupangwa juu kwa juu kwenye mvuke mmoja na maji ya cha juu yanadondokea cha chini. Wakiwa na cheti cha halali ukutani hapo siu mai itakuwa ya kuku, kuleni mshibe. Sosi ya chaza isikutishe, sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi vya baharini havina ugomvi.

MzeeWaShela
Kilomita mia na ishirini kwenda kula sambusa isiyokaangwa 😂 Malindi tulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, chai yenyewe hatujaitwa mpaka mkwe atoe pesa zake. Kamba wako hapa hapa ufuoni, nunueni mpike nyumbani.

UmmuWatatu
Ami, akipika nyumbani atakayesimama jikoni Jumapili nzima ni nani, wewe? Muache mtoto wa watu atoke. BintiMuyeye, mamako mchukulie zile roli za unga wa mchele zenye kamba, laini, hazina pilipili, wanamwagia soya juu. Wanangu ni vile vimkate vya kastadi ya yai tu, na tati za yai, vile vikeki vya unga vyenye kastadi katikati, ila tati ulizia mafuta ya ule unga pia. Vijiti msihangaike, ombeni uma. Na miguu ya kuku usimfiche mama, inakaangwa kwanza halafu inapikwa na maharage meusi yaliyochachushwa mpaka mfupa unaachia, kina mama wa pwani wengi nimewaona wanaanza kwa kukunja uso wanamaliza kikapu. Wekeni meza mapema, Jumapili hujaa.

BintiMuyeye
Mungu awabariki. Nimempigia shemeji nikamsomea ya JikoLaWatamu, kanyamaza kidogo halafu kauliza "hata ya kamba?" 🙈 Sasa anatafuta hoteli nyingine. JikoLaWatamu ukijua yenye cheti nipe kwa inboksi, na mamangu anauliza hiyo miguu inakuja mingapi kwa kikapu.