League of Legends, Dota 2 au Mobile Legends: ipi inastahili jina ililonalo?

mtoto_wa_kikwajuni
Asalaam alaykum wana gemu. Nna swali na nataka jawabu za watu wanaocheza kweli, sio wa kuangalia YouTube tu. Hii League of Legends inasifiwa dunia nzima tangu itoke 2009, fainali ya 2024 pale London ilifika karibu watazamaji milioni 7 kwa wakati mmoja na China haimo kwenye hesabu hiyo, sasa mie League nimeicheza, Dota 2 nimeicheza, Mobile Legends iko kwenye simu muda wote, na bado najiuliza hivi inastahili kweli au watu wanafata mkumbo? Maana ukizitazama zote tatu ni mchezo mmoja, watano kwa watano, njia tatu, msitu baina yake, mnavunja minara mpaka mfike kwenye ngome ya mwenzenu. Zipangeni, mseme na sababu, na mkumbuke tunacheza tuko Unguja sio Seoul.

fundi_wa_darajani
Dota 2. Mjadala umekwisha 😂

Haya ntasema sababu. Dota ndo mama yao, ilianza kama ramani waliyojitengenezea mashabiki ndani ya gemu jengine, Warcraft III, League ikaja nyuma yake, kampuni ya Valve wakaitoa Dota 2 rasmi 2013. Mahero, yaani wale wahusika unaowachagua kucheza nao, zaidi ya 120 na wote unapewa bure siku ile ile unayoingia, pesa ni ya mapambo tu. League wapo zaidi ya 160 lakini unawafungua mmoja mmoja, au ujibane na wale wa bure wanaobadilishwa kila wiki. Halafu undani wake: Dota unaua mpaka vijeshi vyako mwenyewe ili adui asipate dhahabu, na ukifa dhahabu yako inapungua, kwa hiyo kila kosa unalilipia. League ukifa unangoja urudi, mfuko uko vile vile. Na jengine, tangu 2024 League wameweka Vanguard, ile ya kukamata wanaocheza kwa wizi, inaamka pamoja na kompyuta, na kwenye Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, haiendi kabisa. Mashine za zamani hapa dukani nazitilia Linux zipate uhai, Dota inafunguka bila tabu, League ndo kwaheri.

bibie_wa_ranki
Kaka fundi yote uliyosema kweli lakini umejibu swali jengine. Kaulizwa kuhusu jina, wewe unamuelezea ugumu. Gemu kuwa ngumu haiipi haki ya kupendwa.

Mie nacheza League na ntakwambia inachoshinda nacho, inaeleweka kwa macho. Chukua ule ugomvi wa Baron, lile joka kubwa ambalo timu inayolimaliza inapata nguvu, timu iko nyuma kwa dhahabu, minara imeanguka, adui wamemzunguka Baron wanampiga, damu yake inashuka, kila mtu anajua akifa yule joka basi mchezo umeondoka. Sasa mtu wa msituni wa timu inayofungwa anaruka ukuta peke yake, anangoja damu ifike pale pale, anapiga Smite, lile pigo lake la kumalizia, kaiba. Yeye mwenyewe anakufa palepale lakini mchezo umegeuka. Mdogo wangu hajui hata kitufe kimoja cha League na aliruka kwenye mkeka alipoiona. Mpigano wa Dota asiyecheza akiuangalia anaona rangi tu zinapasuka.

Na Faker je, yule Mkorea wa League? Kachukua ubingwa wa dunia 2013 ana miaka 17, kachukua tena 2015, 2016, 2023, 2024 na 2025. Nitajieni mchezaji wa Dota anayejulikana na watu wasiocheza Dota. Nangoja.

fundi_wa_darajani
Hatuna Faker, tuna pesa 😂 The International, yale mashindano makubwa ya Dota, ya 2021 zawadi ilipita dola milioni 40, Team Spirit peke yao waliondoka na zaidi ya milioni 18, na sehemu kubwa ilitoka kwa wachezaji wenyewe, robo ya mauzo ya Battle Pass, ile tiketi ya msimu ya mapambo, iliingia kwenye zawadi.

bibie_wa_ranki
Na ya 2023 ilikuwa ngapi? Malizia hadithi basi.

fundi_wa_darajani
Kama milioni 3 🙂 Haya, tuendelee.

mpemba_wa_wete
Yakhe nyie mnabishana kama kila mtu ana kompyuta ya maana na umeme wa saa 24. Mie niko Wete nacheza kwenye simu. Kompyuta ya kaka ipo, League akaunti yetu iko seva ya Ulaya, ping, ule ucheleweshaji wa mtandao, 180 ukibahatika, unabonyeza ukimbie, hero anasimama anafikiria kwanza. Dota afadhali kidogo, ina seva Afrika Kusini. Halafu umeme ukatike katikati, kompyuta kimya, ruta kimya, ukirudi unakuta umeadhibiwa kwa kuwakimbia wenzako. Simu inabaki na chaji na bando lake.

Na muda jamani! Baina ya Magharibi na Isha nna saa na dakika chache, humo mna kula, mna kutumwa dukani na mama. Mobile Legends mechi dakika 15 hivi imeisha. League nusu saa, na mkizidiwa mnaweza kupiga kura mkasalimu amri. Dota ukiingia na watu usiowajua hakuna kusalimu amri, mmefungwa mpaka ngome ianguke, inaweza kupita dakika 50, adhana inaadhiniwa na wewe bado unalinda mnara mmoja uliobaki.

bibie_wa_ranki
Sawa ila Mobile Legends nayo isijifanye mtoto wa watu. Riot, wenye League, waliwashtaki Moonton, wenye Mobile Legends, 2017 kwa kuiga League, na 2018 Tencent, ambao ndo wenye Riot, walishinda kesi China dhidi ya bosi wa Moonton wakapewa kama dola milioni 2.9. Ramani ile ile, mahero wengine ukiwatazama unajua wametokea wapi.

mpemba_wa_wete
Kuiga wameiga, sibishi. Lakini waliiga 2016 wakaipeleka kwenye simu za bei nafuu, Riot wao Wild Rift, League ya simu, wameileta 2020 watu washahama. Mpaka SEA Games, michezo ya nchi za Kusini Mashariki ya Asia, ya 2019 kule Ufilipino Mobile Legends ilichezwa kwa medali. Mwenye nacho alichelewa, basi.

babu_keram
Mie zote tatu nimeacha, sababu matusi. Kwenye keram barazani ukikosea utachekwa, lakini anayekucheka unamjua na kesho mtakutana msikitini. Huku mtu usiyemjua anakutukania mama kwa sababu umechelewa kufika njia ya chini. Na mmoja kati ya watano akisusa, wanne mmeshafungwa. Hakuna gemu nyengine inayokutegemeza kwa mgeni namna hii.

bibie_wa_ranki
Ami hapo sina la kukupinga. Mie nikiingia nafunga maandishi kabisa, naacha zile alama za ramani tu, inatosha. Na jina langu la kike sitii.

mtoto_wa_kikwajuni
Nimesoma zote. Mie naona League jina inastahili kwa kutazamwa, hapo bibie kanishinda, mie mwenyewe fainali zake naangalia na Dota siangalii. Kwa kucheza wenyewe Dota imeshiba zaidi na haikuombi pesa ya hero, ila inataka muda ambao mtu anayefanya kazi hana. Mobile Legends haijanishangaza hata siku moja na ndiyo ninayoifungua kila siku, sijui hiyo mnaipa alama gani.

mpemba_wa_wete
Ya kwanza hiyo. Isiyofunguliwa inashindaje?

fundi_wa_darajani
Kwa hesabu hiyo gemu bora duniani ni lile la nyoka la Nokia.

mpemba_wa_wete
😂😂 Na lilikuwa zuri! Haya leo baada ya Isha tuko wanne Mobile Legends, mie, mtoto wa Kikwajuni, bibie kakubali kwa shingo upande, na kaka yangu. Anatakikana wa tano na atacheza msaidizi. Fundi njoo, lakini ukisema unataka njia ya kati nakutoa.

fundi_wa_darajani
Nataka njia ya kati.