Ushauri: Shemeji wa Geita anataka tuweke milioni 8 kwenye duara, karatasi ya maabara inasema gramu 41.6

MamaDoreen_Moshi

Habari za jioni wakubwa, shikamooni mnaostahili. Naombeni ushauri, maana nyumbani tumeanza kutazamana vibaya.

Mdogo wake mume wangu anachimba Geita kwenye leseni ya mtu mwingine. Ana duara lake (shimo la kuchimbia dhahabu), anasema mwamba umeshaonekana ila pampu, kompresa na matimba (magogo ya kuzuia kuta za shimo) vimemshinda. Anaomba milioni 8, atupe asilimia 25. Baba Doreen ameshakubali moyoni. Hela itatoka kwenye mkopo wa kikundi, na dhamana ni mzigo wangu wa mitumba pale Memorial.

Pasaka alikuja na jiwe. Ni jeupe, limepasukapasuka, ndani lina vitobo vidogo vya pembe nne vilivyojaa kutu ya kahawia, na kwenye ufa mmoja kuna punje za njano. Alikuja pia na karatasi ya maabara ya hilo jiwe: gramu 41.6 kwa tani. Ni sampuli hiyo moja tu.

Je, hizo gramu ni nyingi? Na wataalamu wanajuaje kuna dhahabu chini kabla hawajachimba? La mwisho, kihambani kwa mama yangu Kilema kuna mawe yanayong'aa sana jua likipiga. Mume wangu anasema Geita pakikwama tutachimba hapo.

Kiborloni_Kwetu

Dada, mzigo wa Memorial usiuguse. Akija na ushahidi wa kutosha uzeni kitu kingine, lakini si kinacholisha watoto. Wanaoijua miamba watakuja kukueleza.

Mjiolojia_Njiro

Mama Doreen, umefanya vizuri kuuliza kabla hela haijatoka. Kazi yangu ni utafutaji wa madini; nyumbani ni Arusha ila muda mwingi niko Kanda ya Ziwa. Nitaandika kwa urefu kidogo.

Dhahabu imo karibu katika kila mwamba, ila ni kidogo mno, miligramu chache kwa tani. Ili mtu apate kitu, lazima iwe imekusanywa mara elfu na zaidi. Kule Geita iliyokusanya ni maji ya moto. Miamba yao ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6: lava zilizomwagika chini ya bahari, matope yaliyogeuka mawe, na miamba ya chuma yenye matabaka. Ardhi ilipobanwa na kukunjwa, maji yenye joto la nyuzi 250 hadi 400, yenye salfa na hewa ya ukaa, yalipanda kutoka kilomita kadhaa chini kwa kufuata mipasuko. Dhahabu ilikuwa imeyeyuka humo, imeshikwa na salfa. Mpasuko ukifunguka ghafla, mgandamizo unashuka, kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, inaganda na dhahabu inaachwa ndani yake. Mahali pengine maji yale yanakuta mwamba wenye chuma kingi. Chuma kinaichukua salfa, pairaiti (madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu) inatengenezeka, na dhahabu inabaki pale pale kwa sababu kilichokuwa kinaibeba kimeondoka. Ndiyo sababu mgodi mkubwa wa Geita unachimba zaidi kwenye miamba ya chuma, wakati Bulyanhulu wanafuata mishipa ya kwatzi, myembamba lakini inayoshuka kina kirefu.

Kwa hiyo mjiolojia anaanza na mipasuko. Anachukua ramani za GST, taasisi ya jiolojia ya serikali iliyoko Dodoma, na vipimo vya sumaku vilivyopigwa kwa ndege, anaangalia miamba imekatika wapi na imepinda wapi. Halafu anatembea na nyundo na dira. Kisha anakusanya udongo kwa mistari, kila baada ya mita kadhaa, na hapimi dhahabu peke yake. Anapima aseniki pia, kwa kuwa mara nyingi iliingia kwa maji yale yale na inaenea eneo pana zaidi, kwa hiyo ni rahisi kuinasa. Vichuguu navyo tunavichukulia sampuli. Mchwa anapandisha udongo wa chini bila kutudai senti, na penye udongo mnene wa juu kichuguu kinaweza kukuonyesha kitu ambacho jembe halifikii. Kwenye mbuga zenye udongo mweusi hata hilo halitoshi, inabidi kuchoronga mashimo mafupi. Udongo ukionyesha mstari mzuri ndipo unachimbwa mtaro kuukata mwamba, na mtaro ukijibu vizuri ndipo mtambo wa kuchoronga unaitwa. Maeneo mengi hayafiki kwenye mtambo, yanaishia kwenye udongo.

Sasa gramu zako. 41.6 ni kiwango cha juu sana. Migodi mikubwa ya wazi inaendeshwa kwa gramu 1 mpaka 3 kwa tani. Lakini wewe umepimiwa jiwe, hujapimiwa mwamba. Maabara inasaga sampuli, inachota gramu 30 au 50 za unga, inaziyeyusha pamoja na oksidi ya risasi, na risasi inaikusanya dhahabu. Punje moja nene ikiangukia kwenye huo unga, namba inaruka juu. Ni kama kuonja mchuzi kwa kuchota pale ulipoona chumvi haijayeyuka. Muulize shemeji jiwe lilitoka wapi hasa, na nani alilichagua.

Vile vitobo vya pembe nne ndivyo vilivyonivuta zaidi. Hapo palikuwa na pairaiti. Maji ya mvua na hewa vimeiozesha, kutu ikabaki, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani ikaachiwa huru. Mawe ya namna hiyo yanaosheka vizuri kwenye karai. Ukishavuka usawa wa maji ya ardhini, pairaiti bado nzima, na dhahabu iliyofungwa ndani haikamatwi na zebaki wanayotumia wachimbaji. Duara linaweza kulipa vizuri juu, kisha likanyamaza wakati dhahabu bado ipo. Muulize maji yameanza mita ya ngapi.

Hizo punje za njano zijaribu kwa ncha ya sindano. Dhahabu inabonyea na kutandazika. Pairaiti inavunjika na kuacha unga mweusi.

Kilema waacheni migomba ikae. Mlima Kilimanjaro ulianza kulipuka miaka milioni 2.5 hivi iliyopita, mtoto mdogo mbele ya miamba ya Geita. Kinachong'aa kwenye lava zake ni vipande vya feldspa, madini ya kawaida tu, bapa kama vigae. Miamba ya zamani imefunikwa chini kabisa, na historia ya maji niliyoieleza haikupita kwenye hizo lava.

MzeeWaMbale

Mjiolojia kanena. Mimi nimekaa machimboni miaka mingi kabla sijarudi Sakina, acha niongee ya hesabu.

Binti yangu, asilimia 25 ya nini? Duara likitoa mzigo, mwenye leseni anachukua chake, mwenye shamba anachukua chake, gharama za matimba, mafuta na chakula cha vijana zinatolewa, ndipo wenye duara wanagawana mifuko. Ukiambiwa asilimia bila kuambiwa inahesabiwa kabla au baada ya hayo, hujaambiwa kitu. Halafu marudio, yaani mchanga unaobaki. Mbale (mawe yenye dhahabu) ikishapita karasha (mashine ya kusaga) na zebaki, dhahabu nyingi bado imo kwenye ule mchanga, na wenye mitambo ya kuchenjua wanaununua kwa sababu hiyo. Kwenye mkataba andikeni marudio ni ya nani. Ndugu wamekosana kwa marudio kuliko kwa mbale yenyewe.

Na iangalieni leseni. PML, leseni ya mchimbaji mdogo, inatolewa na Tume ya Madini, ni ya miaka 7. Ikibakiza miezi michache mnanunua ugomvi.

MamaDoreen_Moshi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia mchana huu. Jiwe alilichagua mwenyewe kwenye lundo karibu na karasha. Maji yameanza mita ya 18, na sasa wako mita ya 21. Anasema maduara matatu yaliyokaa mstari mmoja yote yamekuta mwamba, ila la nne lililochimbwa pembeni halikukuta kitu. Mwamba una upana wa mkono kuanzia kwenye kiwiko, mahali pengine kiganja tu. Sindano nimejaribu: punje zimebonyea.

Mjiolojia_Njiro

Basi kwenye jiwe dhahabu ipo, na shemeji anasema kweli. Maduara matatu kwenye mstari ni habari nzuri, mshipa una mwelekeo. La nne kukosa ni habari nzuri pia, linakuonyesha mwamba haujatanuka upande huo.

Fanyeni hesabu naye. Chukua upana wa wastani wa nusu mkono, tuseme mita 0.25. Urefu kati ya maduara pimeni kwa kamba. Mfano mita 40. Kina chukueni mita 20 zinazofuata. Hapo ni mita za ujazo 200, na kwatzi ina uzito wa tani 2.65 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo tani 530. Wastani ukiwa gramu 41, ni kilo 21 na ushee. Ukiwa gramu 6, ni kilo 3 tu, na sehemu yake haitoki kwa zebaki kwa kuwa mmeshavuka maji. Tofauti ya kilo 21 na 3 ndiyo milioni 8 zenu, na jiwe moja haliwezi kuwaambia mko upande gani.

Baba Doreen apande basi aende mwenyewe. Achonge mfereji mdogo unaokata mwamba wote, ukuta kwa ukuta, bila kuchagua vipande, kila baada ya mita mbili humo humo ndani ya duara. Kila sampuli aigawe mara mbili: nusu maabara, nusu ifungwe na kubaki kwake. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada iliporomoka ilipogundulika sampuli za Busang, Indonesia, zilitiwa dhahabu kutoka nje. Nguzo za mwamba zilizochorongwa zilisagwa karibu zote, haikubaki nusu ya kurudia kipimo. Kwenye mifuko yenu aweke na mmoja wa kokoto za Moshi bila kuwaambia maabara. Ukirudi na dhahabu, majibu yote yana shaka. Zile za chini ya mita 18 ziandikwe peke yake, na waulizeni maabara dhahabu yake imefungwa kwenye pairaiti kiasi gani.

Gharama ya yote hiyo ni sehemu ndogo ya milioni 8. Chini ya maji msiingie bila pampu na matimba ya kutosha, hata majibu yawe matamu vipi.

MzeeWaMbale

STAMICO, shirika la madini la serikali, nao wana mitambo ya kuchorongea wachimbaji wadogo. Mwenye leseni aulizwe kama ameshawaendea.

MamaDoreen_Moshi

Baba Doreen amesoma yote, amekubali kwenda Geita Jumatatu. Nauli na hela ya sampuli natoa mimi, mkopo tumeusimamisha. Kokoto za kwenye ule mfuko nimeshaziokota hapa nje. Majibu yakitoka nitayaandika humu, ya juu ya maji na ya chini yake, kila moja peke yake kama mlivyosema.