Chatu wa mwanangu hali chakula, kutwa amejibana kwenye kona ya kioo

BabaNasra, Leicester

Wakuu salaam. Kijana wangu kaachiwa chatu na rafiki yake aliyehama. Ni aina ile ya royal, mweusi mwenye mabaka ya kahawia, urefu kama mkono wangu. Kaja na tangi la kioo, mfuniko wa wavu, mkeka wa joto chini, taa nyekundu na pango moja la plastiki, kubwa. Mimi mtu wa Muheza, kwetu nyoka ni wa rungu, lakini mtoto keshampa jina, basi tena. Sasa hali chakula. Mchana kajisokota kwenye kona, usiku anasugua pua kwenye wavu mpaka imechubuka. Tangi liko sebuleni dirishani. Nianze na nini? Sina hela ya kununua vyote kwa mkupuo.

Mwinyi_wa_Royal, Birmingham

Kaka, kwanza mwondoe dirishani leo hii. Jua likipiga kioo, humo ndani ni tanuri.

Hela yako ya kwanza iende kwenye themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la mkeka. Mkeka usio na themostati unaweza kupita digrii 40, na nyoka hana akili ya kuondoka tumbo likiungua. Nimeona magamba yaliyobabuka, hayatazamiki. Kihisio chake, ile ncha inayopima joto, kibane palepale kwenye joto, wala usikigandishe kwa selotepu ndani ya tangi. Selotepu ikimnasa, inatoka na ngozi. Upande wa moto uwe 31 au 32, wa pili 25 hivi. Na upime kwa kipimajoto cha dijitali. Vile vya mshale vya kubandika kiooni ni mapambo.

Halafu hilo pango. Kwao Ghana na Togo huyu mchana hulala ndani ya kichuguu au shimo la panya, mwili umegusa ukuta pande zote. Umempa ukumbi. Tafuta mapango mawili madogo yanayofanana, moja upande wa joto, moja upande wa baridi. Likiwa moja tu atachagua kujificha hata kama anaganda. Boksi la viatu lililotobolewa mlango linatosha kwa kuanzia, nyoka haangalii bei. Pande tatu za kioo ziba kwa karatasi nyeusi, kwa nje.

Unyevu: 60 hadi 70 kwa mia. Wavu wote ule unautoa nje, funika sehemu kubwa kwa foili, acha upenyo, mbali na taa. Chini mwaga makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanauzwa yakiwa tofali kavu, unaloweka. Mtu wa Muheza akinunua makumbi kwa pauni atacheka, najua. Yawe na unyevunyevu tu, yakiloa chapachapa tumbo litaoza. Maranda ya mwerezi usiguse, mafuta yake ni sumu kwake.

Taa nyekundu zima. Usiku uwe giza.

DadaZuu, Cardiff

Naongezea kwa Mwinyi: mpimeni kwenye mizani ya jikoni na muandike. Royal anaweza kugoma kula miezi na asidhurike, kinachotisha ni uzito kushuka. Mkishapanga tangi, mwacheni kama wiki bila kumshika. Kisha panya wa barafu aliyeyeyushwa kwenye friji, apashwe kwa maji ya moto akiwa ndani ya mfuko, unene usizidi unene wa nyoka mwenyewe. Mpeni usiku, kwa koleo ndefu. Akimeza, asishikwe siku mbili, atamtapika. Na hiyo pua ikivimba, daktari wa reptilia, si wa paka.

BabaNasra

Mungu awabariki. Themostati nimeagiza. Maboksi mawili yameingia, kapotelea ndani ya lile la upande wa joto, dogo analia nyoka haonekani! Mama Nasra anauliza swali moja tu: hao panya wa barafu watakaa friji gani?

Mwinyi_wa_Royal

Mwambie dogo asipoonekana ndiyo mambo yamekaa sawa. Na mfuniko tia vifungo, kichwa kikipenya na mwili umepita.

Kuhusu friji, kaka, kanunue ndogo ya mtumba uiweke gereji. Hapo usijaribu kubishana na shemeji.

DadaZuu

Naunga mkono shemeji 😂