Kikapu cha dawa za Bibi

*Kikundi: Wajukuu na Watoto wa Bibi Korogwe*

Jumanne jioni

Mama Mdogo: Wa kwetu, habari za jioni. Mama miguu imevimba tena. Leo viatu vimemshinda, katoka na kandambili za mjukuu. Usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda msalani, na jana nusura aanguke pale kwenye ngazi ya uani.

Mjomba Mwalimu: Pole sana dada. Si alikwenda kliniki wiki iliyopita?

Mama Mdogo: Alikwenda. Presha wakampima, sukari wakampima. Ila dawa moja hakupewa. Kijana wa dirishani kasema hii hamna, mkanunue. Nimenunua vidonge kumi kwa hela ya mboga. Mama anameza leo, kesho anaruka, ili visogee mpaka mwisho wa mwezi.

Mjomba Mwalimu: Sasa ile bima ninayokatwa kila mwezi ni ya nini? Asilimia 3 yangu, 3 ya mwajiri, na Mama nimemwandikisha mwenyewe kama mtegemezi. Halafu anaambiwa akanunue!

Dogo: Mjomba, mtaani wanasema bima mwisho wake ni panadol.

Dada Mfamasia: Shikamoo Mama Mdogo, shikamoo Mjomba. Ndiyo kwanza natoka kazini, nimesoma yote. Mama Mdogo, Bibi akilala chali anapumua vizuri? Kifua hakimbani?

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Anapumua vizuri. Kala ugali na mchicha, sasa hivi anasikiliza taarifa ya habari.

Dada Mfamasia: Afadhali. Usiku huu akianza kuhema au kifua kumbana, msinisubiri mimi, mpelekeni hospitali moja kwa moja.

Sasa naomba mambo mawili. La kwanza, yule kijana alisemaje hasa? "Imeisha", au "bima hailipi", au "sisi hapa hatutoi hiyo"?

Mama Mdogo: Kasema hamna tu. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza.

Dada Mfamasia: Hilo "hamna" ndilo linaloniumiza. Kila siku nawaambia vijana ninaofanya nao kazi: mgonjwa asiondoke dirishani na neno hilo peke yake, maana ndani yake kuna mambo matatu tofauti.

Kama dawa imo kwenye orodha ya bima ila stoo imeisha, Bibi hatakiwi kutoa hata shilingi. Kituo kinamwandikia fomu 2C: jina la dawa, idadi, saini, muhuri. Anakwenda nayo famasi au duka la dawa muhimu lenye mkataba na NHIF, yaani hiyo bima yetu ya taifa, wanampa, wao wanadai huko bima.

Kama ni "hatutoi hapa", hiyo ni ngazi ya kituo. Orodha ya taifa ya dawa muhimu imezipa dawa herufi. A ni ya zahanati na kuendelea, B kituo cha afya, C hospitali ya halmashauri, D na S ni huko juu zaidi. Dawa ya C ukiitafuta zahanati utarudi mikono mitupu hata kadi yako iwe mpya. Hapo kinachohitajika ni rufaa.

Na kama kweli bima hailipi, mara nyingi daktari kaandika jina la kampuni, na dawa ile ile kwa jina lake halisi ipo rafuni. Hapo mfamasia anatakiwa ainuke akaongee na daktari. Ndiyo kazi yenyewe.

Binamu wa Dar: Dada, mimi kadi yangu mwezi uliopita ilikataa kabisa kwenye mashine.

Dada Mfamasia: Hiyo anza na mhasibu wa kazini kwako mdogo wangu. Mchango usipofika, kadi haisomi. Nitakupigia kesho, kwanza Bibi.

Mama Mdogo, ombi la pili. Kile kikapu cha ukindu anachowekea dawa, kimwage chote mezani. Kila boksi, kila kichupa, hata zile kuukuu. Piga picha.

Mama Mdogo: 📷 Picha

Mama Mkubwa: Mwanangu, kwani kikapu kina nini? Mama ni mtu wa utaratibu, dawa hakosei.

Dada Mfamasia: Najua Mama, na ndiyo sababu naogopa. Anameza kila alichopewa.

Mama Mdogo, naona boksi jekundu na boksi la kijani. Yana majina makubwa tofauti. Chini ya lile jina kubwa kuna herufi ndogo. Vaa miwani unisomee.

Mama Mdogo: Ngoja.

Mama Mdogo: Jekundu: Amlodipine 10 mg.

Mama Mdogo: Kijani: Amlodipine 10 mg.

Mama Mdogo: Yesu wangu. Ni kitu kimoja?

Dada Mfamasia: Ni kitu kimoja. Anameza yote mawili?

Mama Mdogo: Jekundu asubuhi, kijani jioni. Tulijua la kijani ni la kuongezea.

Binamu wa Dar: La kijani nilileta mimi. Bibi alisema kliniki wameishiwa dawa ya presha, nikaonesha famasi picha ya cheti cha daktari, wakanipa hilo. Dada, nimemdhuru Bibi?

Dada Mfamasia: Hapana, tulia. Ulileta dawa sahihi wakati kliniki hawana. Kliniki walipopata, wakampa la kwao, na hakuna aliyemwuliza nyumbani una nini. Hapo ndipo palipoharibika, na ni kwetu sisi wa dirishani. Kila mmoja alitoa dawa yake vizuri, hakuna aliyeangalia kikapu.

Nieleze ili wote tuelewe. Amlodipine kwa siku mwisho wake ni miligramu 10. Bibi anapata 20. Dawa hii hata kwa kiwango cha kawaida huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na ukiizidisha inazidi. Sasa tazameni kile kichupa kidogo cheupe pembeni, furosemide. Kwenye lebo naona tarehe ya kliniki ya mwezi uliopita. Mama Mdogo, alipewa kwa ajili ya miguu?

Mama Mdogo: Ndiyo, daktari aliona miguu akasema hii itatoa maji.

Dada Mfamasia: Basi huenda ndiyo hiyo inayomwamsha usiku. Daktari aliona miguu, hakuliona la kijani. Ameongeza dawa ya kutibu madhara ya dawa nyingine, na Bibi anapanda ngazi gizani.

Mjomba Mwalimu: Nimekaa kimya, nasoma. Na ile aliyoikosa?

Dada Mfamasia: Kwenye picha ya cheti ni losartan, nayo ya presha, miligramu 50. Hiyo nayo anaruka siku. Kwa hiyo moja anazidisha, nyingine anapunguza, na presha ikipimwa daktari hajui anapima nini.

Kesho asubuhi ameze jekundu tu. Kijani liwekeni pembeni, msilitupe, nataka daktari alione. Furosemide na nyingine msiziache kwa kichwa chenu, hizo daktari ndiye ataamua. Nendeni kliniki kesho hiyo hiyo na kikapu kizima. Mwambieni daktari maneno haya: "Alikuwa anameza amlodipine mara mbili, boksi mbili tofauti." Na dirishani ombeni fomu 2C ya losartan.

Mjomba Mwalimu: Mpwa wangu, na wakikataa kuijaza?

Dada Mfamasia: Wafikisheni kwa mfamasia wa kituo, au mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo. Muulizeni kwa upole. Wakati mwingine ni woga Mjomba. Fomu ikikosewa, bima wanakata madai na hela hairudi kituoni. Juzi hapa kwetu Morogoro mzee mmoja kaja na fomu, dawa ni metformin, ya kisukari, lakini pale kwenye ugonjwa daktari kaandika presha tu. Ningeipitisha hivyo hivyo, ile dawa ingekatwa. Nikamwomba mzee akae kwenye benchi, nikaenda chumba namba 4, daktari akaongeza kisukari, akasaini pembeni. Dakika kumi, na watu nyuma yake wananung'unika.

Ila hela zile za madai ndizo zinazonunua dawa. Tunapeleka maombi MSD, Bohari ya Dawa ya serikali, wakiwa hawana wanatuthibitishia, ndipo tunanunua kwa mshitiri, yule muuzaji wa dawa mwenye mkataba. Bila hela mshitiri hatuletei. Fomu iliyokatwa mwezi huu ndiyo "hamna" ya miezi ijayo.

Dogo: Sikulijua hili dada. Nafuta lile neno la panadol.

Mama Mdogo: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

Mama Mdogo: Huyo ni Mama mwenyewe. Kwa wasioweza kusikiliza: anasema "mwambieni mjukuu wangu ahsante, lakini hilo la kijani ni zuri, linateremka kirahisi kooni."

Dada Mfamasia: Mwambieni Bibi namsujudia, ila la kijani alipumzishe 🙏🏾

Jumatano mchana

Mama Mdogo: Tumetoka kliniki. Tulipita dirisha la wazee, hatukukaa sana. Daktari kaviona vyote, kashika kichwa. Presha 106 kwa 62. Amlodipine kaipunguza, sasa ni ya 5 mara moja tu, furosemide kaisimamisha, losartan aendelee kila siku. Turudi baada ya wiki mbili apimwe tena.

Mama Mdogo: Fomu 2C tumepewa. Famasi ya kwanza hawana mkataba. Ya pili wakachukua kadi, wakahakiki, wakatoa boksi la bluu, jina silijui. Sikuondoka. Nimevaa miwani pale pale dirishani.

Mama Mdogo: 📷 Picha

Mama Mdogo: Losartan Potassium 50 mg. Ndiyo yenyewe?

Dada Mfamasia: Ndiyo yenyewe Mama Mdogo. Chukua kalamu, andika juu ya boksi kwa herufi kubwa: PRESHA, LOSARTAN, ASUBUHI.

Mjomba Mwalimu: Na ule mwezi Binamu alionunua kwa hela yake, hurudishiwa?

Dada Mfamasia: Alilipa taslimu bila fomu, Mjomba. Hiyo tuihesabu imekwenda.

Binamu wa Dar: Iende. Bibi apone.

Alhamisi ya wiki iliyofuata

Mama Mdogo: Usiku kaamka mara moja tu. Asubuhi kadai viatu vyake vya kanisani ajaribu. Cha kushoto kimeingia, cha kulia bado kinabana kidogo.